Kuhamisha silaha kupitia duka lenye leseni Marekani: ada inakaribiana, maduka hayafanani

Kabla hujakubali duka lolote likuhamishie silaha, uliza swali moja: mfumo wa serikali wa kumkagua mpokeaji ukijibu "subiri" au ukijibu "hapana", silaha yangu italala wapi na itanirudiaje? Muuzaji anayeijua kazi yake atakujibu papo hapo, hatua kwa hatua. Anayebabaika mwache, hata kama ada yake ni dola 20 na jirani yake anatoza 50. Siku mambo yakinyooka maduka yote ni mazuri. Duka linajulikana siku yakipinda.

Tunachokipima hapa ni huduma ya kuhamisha umiliki wa bastola au bunduki kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine kupitia duka lenye leseni ya shirikisho, pamoja na aina za maduka yanayoitoa. Walengwa ni Waswahili walioko Marekani, wawe Columbus, Louisville, Dallas au Minneapolis. Wengi tumezoea utaratibu wa nyumbani, ambako kibali anapewa mmiliki. Kenya kuna Bodi ya Leseni za Silaha, Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na dola ndiyo inayojua nani ana nini. Marekani mambo yamegeuzwa: kwa sheria ya shirikisho leseni anayo muuzaji, na raia wa kawaida hahitaji cheti cha kumiliki, isipokuwa katika majimbo yenye masharti yake kama Illinois na kadi yake ya FOID (ya kumtambulisha mwenye silaha), au Massachusetts. Kwa hiyo kaunta ya duka ndiyo kituo cha ukaguzi. Karani aliyesimama nyuma yake akikosea, kosa linaweza kuwaandama muuzaji na mpokeaji wote wawili.

Lini ni lazima kupitia dukani

Chukua mtu wa Louisville, Kentucky, anayemuuzia rafiki yake bastola, na rafiki anaishi Jeffersonville, Indiana. Ni kuvuka daraja tu la mto Ohio, lakini mmevuka mpaka wa majimbo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968 inakataza wakazi wa majimbo mawili tofauti kukabidhiana silaha mkono kwa mkono. Bastola lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni aliyeko katika jimbo la mpokeaji, yaani Indiana. Ikiwa ni bunduki ndefu, muuzaji wa jimbo lolote kati ya hayo mawili anaweza kuikabidhi ana kwa ana, mradi sheria za majimbo yote mawili zinaruhusu.

Zawadi nayo imo. Baba wa Ohio akitaka kumpa mwanawe wa Texas bastola yake, undugu hauwaondoi katika sheria hiyo, na hapa ndipo watu wema wengi wanapoteleza. Kinachosamehewa na sheria ya shirikisho ni urithi, uwe wa wasia au wa mgawanyo wa mali ya marehemu, na mkopo wa muda mfupi kwa uwindaji au michezo ya shabaha iliyo halali. Silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa za kale na haziguswi na utaratibu huu.

Ndani ya jimbo moja, sheria ya shirikisho haiwalazimishi watu binafsi kwenda dukani. Majimbo ndiyo yanayolazimisha: California tangu 1991, Colorado na New York tangu 2013, Washington kwa kura ya wananchi ya 2014, Oregon 2015, na baadaye Vermont, New Mexico na Nevada. Mengi kati ya hayo yana msamaha kwa ndugu wa karibu, ila kila jimbo lina orodha yake ya nani ni ndugu wa karibu. Binamu mara nyingi hayumo. Mpigie karani umuulize kabla hujawasha gari.

Kazi yenyewe kaunta

Fika na silaha tupu: magazini imetolewa, chemba ya risasi haina kitu, silaha ndani ya mkoba au sanduku lake, risasi mahali pengine. Maduka mengi yana tangazo mlangoni kuhusu hilo, na karani mzuri ataifungua chemba na kuitazama mwenyewe hata ukimwapia kwamba haina kitu. Akiipokea bila kuitazama, hilo peke yake linatosha kukuambia uko duka la namna gani.

Kinachofuata ni Fomu 4473 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi. Sehemu A anaijaza muuzaji mwenye leseni: mtengenezaji, mwagizaji kama silaha ilitoka nje, modeli, namba ya silaha, aina na kaliba. Pia kuna kisanduku cha kuonyesha kwamba huu ni uhamisho kati ya watu binafsi. Mtazame anapoandika mtengenezaji na mwagizaji. CZ 75 ilitengenezwa Jamhuri ya Cheki na ikaingizwa na CZ-USA ya Kansas City, na majina yote mawili yamechongwa kwenye chuma. Karani mvivu huandika "CZ" akaendelea. Akiwa makini ataigeuza bastola upande wa pili, asogeze taa, asome herufi ndogo za mwagizaji, kisha aitamke namba ya silaha kwa sauti tarakimu baada ya tarakimu huku mwenzake akiandika. Sifuri iliyoandikwa kama herufi O, au 1 iliyoandikwa kama I, ndiyo inayozaa usumbufu miaka kadhaa mbele, pale polisi watakapotafuta silaha isiyokuwepo katika karatasi.

Sehemu B ni ya mpokeaji mwenyewe, kwa mkono wake. Muuzaji haruhusiwi kumjazia. Asiyeweza kusoma au kuandika anaweza kujaziwa na mtu mwingine asiye muuzaji, mbele ya mashahidi wawili watakaotia saini, ila saini ya mpokeaji inabaki kuwa yake. Kama mzee wako Kiingereza chake ni cha shida, mjulishe karani mapema na uje na watu hao. Usisimame pembeni ukimnong'oneza "andika hapana, andika hapana". Karani yeyote mwenye akili atasimamisha shughuli, na atakuwa na haki.

Makosa ya sehemu B yanajirudia kila siku. Asiye na jina la kati aandike NMN, kifupi cha Kiingereza cha "hana jina la kati", badala ya kuacha wazi. Nafasi ya kaunti ijazwe jina la kaunti unayoishi, maana watu kibao huandika nchi. Maswali ya asili na rangi ni mawili tofauti, na yote mawili lazima yajibiwe. Sanduku la posta halikubaliki kama anwani. Namba ya hifadhi ya jamii ni hiari, lakini sisi tunashauri uiandike. Mwenye majina yanayofanana na ya watu elfu, akina Mohamed Ali Hassan na Juma Hamisi, hana kinga nyingine nzuri ya kutochanganywa na mtu mwenye rekodi. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika herufi za jina lako na tarehe. Dawa ya kufutia wino haitakiwi kabisa kwenye fomu hii.

Kitambulisho ni eneo lenye vurugu kuliko yote. Kinatakiwa kitambulisho cha serikali chenye picha, jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani unayoishi sasa. Ulihama mwezi jana na leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani? Unaweza kuongezea hati nyingine iliyotolewa na serikali yenye anwani mpya: kadi ya usajili wa gari, leseni ya uwindaji, au hati ya kodi ya nyumba. Bili ya umeme ya kampuni binafsi haikubaliki, kwa sababu kampuni si serikali. Bili ya maji ya mji inaweza kukubalika kwa sababu mji ni serikali. Duka linalopokea bili yoyote ile linajihatarisha, na linakuhatarisha na wewe.

Kwa asiye raia: mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho, na fomu ina nafasi ya namba yake ya uhamiaji. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi hayumo katika katazo la wenye viza za muda. Mwanafunzi au mfanyakazi aliyeingia kwa viza ya muda amekatazwa, isipokuwa ana msamaha unaotambuliwa, kwa mfano leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Aliyeko nchini bila ruhusa amekatazwa moja kwa moja. Ukaguzi wa asiye raia hupitia pia rekodi za uhamiaji, kwa hiyo usishangae jibu likichelewa. Na kama majina yamepangwa hivi kwenye grini kadi na vile kwenye leseni ya udereva, jambo la kawaida sana kwa watu wetu, zilinganishe hati zako kwanza. Kaunta ya duka la silaha si mahali pa kuanza kueleza jina la babu.

Umri nao: muuzaji mwenye leseni hamkabidhi bunduki ndefu aliye chini ya miaka 18, wala bastola aliye chini ya 21. Fremu au risiva tupu, yaani kiunzi kikuu cha silaha, inayouzwa peke yake inahesabiwa kuwa silaha, na nayo ni 21. Kuanzia 2022 mpokeaji aliye chini ya 21 hupitia uchunguzi wa ziada wa rekodi za utotoni, unaoweza kuchukua hadi siku 10 za kazi.

"Endelea", "subiri", "hapana"

Fomu ikishajazwa, karani anawasiliana na NICS, mfumo wa FBI wa kukagua rekodi za wapokeaji wa silaha, ulioanza kazi tarehe 30 Novemba 1998 na unaopatikana kila siku ya mwaka isipokuwa Krismasi. Katika majimbo kama Pennsylvania, Florida, Colorado, Tennessee na Virginia ukaguzi hupitia kwanza idara ya jimbo. FBI haitozi duka senti hata moja kwa kazi hii. Ukiona "ada ya FBI" kwenye risiti katika jimbo ambalo duka linawasiliana na FBI moja kwa moja, hiyo ni ada ya duka iliyovalishwa kofia ya serikali, na una haki ya kuihoji. Majimbo yanayojikagulia baadhi yana ada halali, na duka lenye uaminifu huiandika mstari wake peke yake.

"Endelea" ikija, mpokeaji anachukua silaha, labda jimbo liwe na muda wa kusubiri: California siku 10, Washington siku 10 za kazi tangu Januari 2024, Colorado siku 3 tangu Oktoba 2023. Ukaguzi unadumu siku 30 za kalenda tangu duka lilipowasiliana na mfumo. Ukija siku ya 31, unaanza upya. Ukija siku tofauti na ile uliyosaini, unatia saini tena sehemu D kuthibitisha kwamba majibu yako bado ni kweli. Maduka husahau saini hiyo mara nyingi sana, na mkaguzi wa ATF huitafuta kabla ya kitu kingine.

"Subiri" ndiyo inayopima duka. Sheria inasema siku tatu za kazi zikipita bila jibu, muuzaji anaruhusiwa kukabidhi. Anaruhusiwa tu, halazimishwi. Siku ya kazi hapa ni siku ambayo ofisi za jimbo ziko wazi, na siku yenyewe ya ukaguzi haihesabiwi. Ukikaguliwa Alhamisi, Ijumaa ni ya kwanza, Jumatatu ya pili, Jumanne ya tatu, na silaha inaweza kutoka Jumatano. Maduka mengi makubwa hayatoi chochote bila "endelea", hata wiki zikipita, na baadhi ya majimbo yamefuta kabisa njia hiyo ya siku tatu. Uliza sera ya duka kabla ya kulipa na uombe ikuonyeshwe kwa maandishi. Anayecheleweshwa kila mara kwa sababu ya kufanana majina anaweza kuomba kwa FBI namba ya kudumu ya utambulisho, UPIN, ambayo huandikwa kwenye fomu na kuondoa mkanganyiko. Kuipata ni hatua moja ya barua na alama za vidole, na tunawashauri Waswahili wenye majina ya kawaida waifuate mapema.

"Hapana" ikija, karani hajui sababu na hapaswi kubahatisha. Anampa mpokeaji namba ya ukaguzi na maelekezo ya kukata rufaa FBI. Basi. Mara nyingi kosa ni la mpokeaji kutoelewa swali: swali la kosa kubwa linauliza adhabu ambayo hakimu *angeweza* kutoa, zaidi ya mwaka mmoja, na si adhabu uliyotumikia. Aliyepewa uangalizi wa miezi sita kwa kosa lenye kifungo cha miaka mitatu bado anaguswa. Hukumu ya ugomvi wa nyumbani, hata ikiwa ya kosa dogo, inaguswa pia tangu 1996. Na bangi: fomu yenyewe inaonya kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Duka likishaingiza silaha kwenye daftari lake la mapokezi na matoleo, silaha hiyo iko mikononi mwa duka kisheria. Mpokeaji akikataliwa, mwenye silaha hawezi kuichukua tu akaondoka. Naye lazima ajaze 4473 na akaguliwe kama mtu mwingine yeyote. Taratibu za ATF zinaacha nafasi nzuri zaidi: mwenye silaha akibaki dukani na silaha yake hadi jibu litoke, au akiondoka nayo bila kuiacha, duka halilazimiki kuiingiza daftarini mpaka "endelea" ifike. Jibu likiwa "hapana", anairudisha nyumbani bila karatasi. Likiwa "subiri", anaondoka nayo na kurudi siku ya makabidhiano. Duka zuri hukueleza hilo *kabla* hujaiweka silaha kaunta. Bovu hunyakua, huandika, kisha hukutoza ada ya pili kukurudishia mali yako. Hii ndiyo kasoro kubwa ya huduma hii tunayoilaumu bila kuficha, na inatokana na uzembe tu wa kutosoma taratibu.

Duka lipi

Ada ya kawaida ni dola 20 hadi 50 kwa silaha moja, na katika miji ya gharama hufika 75 au zaidi. California imeweka kikomo: muuzaji hawezi kutoza zaidi ya dola 10 kwa silaha katika uhamisho wa watu binafsi, juu ya dola 37.19 za jimbo. Ukihamisha silaha zaidi ya moja, zipitishe pamoja. Fomu moja na ukaguzi mmoja vinatosha, na maduka mengi hupunguza ada ya silaha ya pili. Bastola mbili au zaidi kwa mtu mmoja ndani ya siku tano za kazi mfululizo, duka litapeleka taarifa ATF. Si kosa, usiogope; wala usizigawanye makusudi ili kuikwepa taarifa.

Maduka makubwa ya vifaa vya michezo yana kaunta safi na karatasi nadhifu, lakini mengi hayapokei uhamisho wa watu binafsi kabisa, na yanayopokea huwa na makarani wanaozunguka idara. Leo yuko silaha, jana alikuwa ndoano za samaki. Kwa huduma hii tunayaweka nyuma.

Maduka ya rehani, yenye leseni ya aina ya 02, yanajua fomu kwa moyo kwa sababu kila silaha inayokombolewa hukaguliwa upya. Ukitaka kasi na mtu aliyekwisha kuona kila aina ya "subiri", ndiyo hapo. Angalia tu wanavyoishika silaha yako. Tumeona rafu ambazo bastola zimelaliana chuma kwa chuma bila kitambaa.

Wauzaji wa nyumbani, wenye leseni halali lakini bila duka la barabarani, ndio wenye ada ya chini. Leseni yao ni ileile, ya miaka mitatu, na ATF huwakagua kama wengine. Faida ni kwamba unazungumza na mwenye leseni mwenyewe. Hasara ni saa zao: kwa miadi tu, na akisafiri, silaha yako iliyotumwa inamsubiri. Kabla ya kumwamini, omba nakala ya leseni. Muuzaji mwingine yeyote anaweza kuihakiki kwenye mfumo wa ATF wa mtandaoni kwa tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho.

Chaguo letu ni duka lililoungana na uwanja wa shabaha na lenye fundi wake wa silaha. Linatoza wastani, halishangai ukileta bunduki ya zamani isiyo na namba kwa sababu ilitengenezwa kabla ya 1968, na fundi anaweza kuitazama kabla mpokeaji hajalipa. Ni hapo pia utapata karani anayejua kutofautisha namba isiyokuwepo tangu mwanzo na namba iliyokwanguliwa. Ya kwanza ni halali. Ya pili ni kosa la jinai, na hatakubali kuigusa.

Silaha inapotumwa

Mpokeaji akiwa mbali, njia safi ni duka kwa duka. UPS na FedEx hazipokei silaha kutoka kwa mtu binafsi asiye na leseni, na bastola katika posta ya taifa iliwekewa katazo lake na sheria ya 1927. Usijaribu njia za panya. Mpe duka la kwenu ilitume. Duka la mpokeaji hupeleka kwanza nakala ya leseni yake, kisha mzigo unaondoka.

Mzigo ukikwama, sababu huwa ileile: ndani ya boksi hakuna karatasi. Duka linalopokea lazima liandike daftarini silaha ilitoka kwa nani, na "imetoka kwenye boksi" si jina la mtu. Weka nakala ya kitambulisho cha mtumaji, jina na simu ya mpokeaji, na namba ya mauzo kama ilinunuliwa kwenye mnada wa mtandaoni kama GunBroker. Hakikisha pia magazini zilizomo zinaruhusiwa kule ziendako. California, New Jersey na New York zinaishia risasi 10. Toa zile kubwa kabla ya kufunga, maana duka halitakubali kukukabidhi na linaweza kukutoza kuzirudisha. Uliza na ada ya kuhifadhi. Baadhi huanza kuhesabu baada ya siku 30.

Nani hasa ni mnunuzi

Swali la kwanza kwa mpokeaji kwenye 4473 linauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Bruce Abramski, aliyewahi kuwa polisi Virginia, alimnunulia mjomba wake Glock 19 kwa hela ya mjomba, akitumia punguzo la askari. Kisha akaihamisha kwa mjomba kupitia duka lenye leseni Pennsylvania, ukaguzi ukapita. Wote wawili walikuwa na haki ya kumiliki. Hata hivyo alitiwa hatiani kwa kusema yeye ndiye mnunuzi, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaithibitisha hukumu kwa kura 5 dhidi ya 4. Kwa hiyo kupitia dukani mara ya pili hakusafishi uongo wa mara ya kwanza. Shemeji akikutumia hela kwa simu ili umchukulie bastola, mwambie aende mwenyewe. Kama unamnunulia zawadi kwa pesa yako mwenyewe, naye si mtu aliyekatazwa, wewe ni mnunuzi halisi na fomu inakuruhusu. Tangu 2022 kumnunulia mwingine kwa kificho ni kosa la shirikisho linalojitegemea, na kifungo chake hufika miaka 15.

Mwisho wa shughuli, hesabu vitu vitatu kabla hujatoka. Kwa bastola, duka lazima limpe mpokeaji kufuli au kifaa cha kuhifadhia kwa usalama. Hilo ni takwa la sheria ya 2005, hata kama silaha ni ya mkono wa pili. Mpokeaji azisome tena namba kwenye chuma na kwenye karatasi. Na aliyeitoa silaha adai risiti yenye tarehe, namba ya silaha, jina la duka na namba ya leseni yake. Marekani haina sajili ya shirikisho ya wamiliki wa silaha za kawaida, sheria ya 1986 inaikataza. Polisi wakifuatilia silaha huanzia kwa mtengenezaji, wakashuka kwa duka la kwanza hadi kwa mnunuzi wa kwanza, na hapo njia hukatika. Kama mnunuzi huyo wa kwanza ni wewe, risiti ndiyo inayowaelekeza kwenye duka lililofanya uhamisho, na kama duka lilikwisha kufungwa, madaftari yake yako kwenye kituo cha ATF huko Martinsburg, West Virginia. Piga picha ya risiti hiyo na uihifadhi mbali na kabati la silaha.